Kubaini Hitilafu katika Hatua za Kuwasha Mfumo wa GC-MS: Ufafanuzi kwa Mazingira ya Morogoro na Milima ya Uluguru

1.0 Utangulizi

Makala hii inafafanua namna ya kubaini vyanzo vya hitilafu zinazojitokeza wakati wa kuwasha mfumo wa kromatografia ya gesi uliounganishwa na spektrometria ya tungamo, ambao katika maabara hujulikana zaidi kwa ufupisho wa GC-MS. Mazingira yanayozingatiwa ni ya Morogoro, mji ulio takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, chini ya Milima ya Uluguru. Katika milima hiyo, hususan Mgeta, hulimwa kabichi, karoti, njegere na mboga nyingine zinazouzwa mjini Morogoro na Dar es Salaam. Upande wa mashariki, katika maeneo ya Kinole na Matombo, hulimwa viungo kama vile mdalasini, karafuu na pilipili manga. Baadhi ya maji ya milima hiyo huishia katika Bwawa la Mindu, ambalo ni chanzo kikuu cha maji ya Manispaa ya Morogoro, na mengine huingia Mto Ruvu, unaotegemewa na wakazi wa Dar es Salaam. Kwa hiyo, anayeuliza kama mboga au maji ya Uluguru yana mabaki ya viuatilifu anauliza kwa niaba ya watu wengi, na chombo kinachotegemewa kutoa jibu ni GC-MS au ndugu zake wa karibu.

Vitabu vya mwongozo vinavyokuja na mashine hizi vina manufaa makubwa, lakini vimeandikwa kwa kudhani kwamba umeme haukatiki, fundi hufika siku inayofuata, na mtungi mpya wa gesi hupatikana kwa kupiga simu. Mtafiti wa Morogoro hufanya kazi bila uhakika wa mambo hayo. Aidha, tasnifu nyingi huandika sehemu ya mbinu kuanzia pale sampuli inapodungwa ndani ya mashine, kana kwamba mashine ilikuwa tayari tangu mwanzo. Saa zilizotangulia, ambamo ombwe hutengenezwa na mashine huthibitishwa, hazionekani popote. Mtahini hana njia ya kujua zilipita vipi, ilhali uhalali wa kila namba iliyo kwenye majedwali hutegemea saa hizo.

2.0 Mpangilio wa kuwasha na mantiki yake

GC-MS ni mashine mbili zenye mahitaji yanayokinzana. Sehemu ya kromatografia hufanya kazi chini ya shinikizo: gesi bebezi, kwa kawaida heliamu yenye usafi wa asilimia 99.999, husukuma mvuke wa sampuli ndani ya kolamu nyembamba yenye urefu wa mita 30 hivi. Sehemu ya spektrometria hufanya kazi katika ombwe, kwa sababu ioni zinapaswa kusafiri kutoka kwenye chanzo hadi kwenye kitambuzi bila kugongana na molekuli za hewa. Mahali mashine hizi mbili zinapokutana, yaani kwenye bomba la kuunganisha, ndipo hitilafu nyingi za kuwasha huzaliwa.

Mpangilio wa kuwasha hufuata mantiki hiyo. Umeme huthibitishwa kwanza, kisha gesi hufunguliwa na kuachwa ipite katika kolamu ili kufukuza hewa. Vali ya kuingizia hewa hufungwa, na pampu ya awali huanza kuvuta. Shinikizo likishuka vya kutosha, pampu ya tabo, ambayo mapanga yake huzunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, hushika kazi. Pampu hiyo ikishafikia kasi yake ndipo joto hupandishwa: bomba la kuunganisha kwenye nyuzi 280 za Selsiasi, chanzo cha ioni kwenye nyuzi 230 na kwadrupoli kwenye nyuzi 150 au karibu na hapo. Filamenti huwashwa baada ya hayo yote, na uwianishaji wa mashine hufanywa mwisho.

Kila hatua huilinda inayofuata. Filamenti ikiwashwa penye hewa huungua. Kolamu ikipashwa moto bila gesi bebezi, oksijeni hula utando wake wa ndani na kolamu haiponi. Kwa sababu hiyo, anayetafuta hitilafu anapaswa kuanza na hatua ya kwanza ambayo haikukamilika, hata kama ujumbe wa kosa kwenye kompyuta unataja hatua ya mwisho. Kompyuta husema kile ilichokiona. Inaposema kwamba uwianishaji umeshindikana, mara nyingi tatizo liko kwenye nati iliyolegea saa tano kabla.

3.0 Asubuhi baada ya umeme kukatika

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini hali zake ni za kawaida kwa yeyote aliyewahi kusimamia mashine hii katika mji wa aina ya Morogoro. Umeme unakatika Jumamosi jioni. Betri ya akiba inaishikilia mashine kwa muda mfupi kisha inaishiwa. Pampu ya tabo inapungua kasi hadi kusimama, na hewa inaanza kurudi taratibu ndani ya chumba cha ombwe. Umeme unarudi usiku wa manane bila mtu kuwapo. Jumatatu asubuhi msimamizi anaikuta mashine ikiwa imewaka nusu: feni zinazunguka, taa ya pampu inamwekamweka, na kompyuta inaonyesha kwamba haina mawasiliano na chombo.

Kishawishi cha kwanza ni kubonyeza kitufe cha kuanza upya. Kishawishi hicho kinafaa kukataliwa. Kazi ya kwanza ni kusoma bila kugusa: shinikizo la mtungi wa gesi, joto la oveni, hali ya pampu na saa ya kwenye kumbukumbu ya makosa. Mtungi ukiwa umeishiwa usiku, kuanza upya kutapasha kolamu isiyo na gesi, isipokuwa kama mashine ina kinga ya kuzima oveni shinikizo linapokosekana. Mashine nyingi za sasa zina kinga hiyo, ila si busara kuijaribu kwa mara ya kwanza asubuhi kama hiyo.

Umeme wenyewe huhitaji kupimwa, kwa kuwa kurudi kwake si sawa na kutulia kwake. Volteji ya kawaida nchini ni 230, na vipimo vya dakika kadhaa kwa mita rahisi hutosha kuonyesha kama inapanda na kushuka. Inafaa stebilaiza itangulie betri ya akiba, na pampu ya awali ijumuishwe kwenye hesabu ya mzigo, jambo ambalo husahaulika kwa sababu pampu hukaa sakafuni na huonekana kama kifaa cha pembeni. Betri isiyobeba pampu hulinda kompyuta na kuacha ombwe lipotee.

Kuhusu mawasiliano kati ya kompyuta na mashine hakuna mengi ya kusema. Waya wa mtandao hukaguliwa ncha zote mbili, anwani ya mtandao ya chombo hulinganishwa na ile iliyoandikwa kwenye programu, kisha vifaa huwashwa kwa zamu: mashine kwanza hadi imalize kujipima, kompyuta baadaye. Tatizo hili hutisha kwa sababu linaonekana kwenye skrini, ingawa ndilo jepesi kuliko yote.

Jambo moja la mfano huu halimo katika mwongozo wowote wa mashine. Umeme uliozima GC-MS ndio uleule uliozima friza yenye sampuli. Kabichi iliyosafirishwa kutoka Mgeta kwa barabara ya milimani, ikakatwakatwa na kugandishwa siku hiyohiyo, imeyeyuka na kuganda tena kabla mashine haijawa tayari. Baadhi ya viuatilifu huvumilia hali hiyo, na vingine huoza. Kwa hiyo, kumbukumbu ya kukatika kwa umeme ni sehemu ya kumbukumbu ya sampuli, na mtafiti anayeandika saa ya mashine pekee ameandika nusu ya tukio.

4.0 Ombwe lisilofikiwa

Pampu ya awali inapoanza huunguruma kwa sauti nzito yenye mabubujiko, kwa kuwa inatoa hewa nyingi. Ndani ya dakika moja au mbili sauti hiyo inapaswa kupungua na kuwa kavu. Ikiendelea kububujika, kuna tundu kubwa, na mahali pa kwanza pa kutazama ni mlango wa pembeni wa chumba cha ombwe. Mwendeshaji anaweza kuusukuma kwa kiganja kwa sekunde chache. Sauti ikibadilika, mlango haukukaa sawasawa juu ya oringi yake. Uzi mmoja wa kitambaa, unywele, au chembe ya vumbi juu ya oringi hutosha kuzuia ombwe. Oringi husafishwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na hurudishwa ikiwa kavu. Kuipaka grisi kwa wingi, kama wafanyavyo mafundi wa mabomba, huongeza tatizo, kwa kuwa grisi hutoa mvuke wake ndani ya ombwe na mvuke huo huonekana kwenye spektra kwa wiki kadhaa.

Tundu dogo husumbua zaidi, maana pampu ya tabo hufikia kasi yake, joto hupanda, na kila taa huonyesha kwamba mambo ni mazuri. Hapa ndipo kipimo cha hewa na maji kinapohitajika. Mashine huelekezwa kusoma ioni ndogo: 18 ambayo ni maji, 28 ambayo ni naitrojeni, na 32 ambayo ni oksijeni. Hewa ina naitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21 na agoni karibu asilimia 1. Basi 28 na 32 zikionekana pamoja kwa uwiano wa takriban nne kwa moja, kinachoingia ni hewa. Kilele cha 40 chenye ukubwa mdogo huthibitisha, kwa kuwa agoni haina chanzo kingine cha kawaida ndani ya mashine.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kusoma kipimo hiki mara moja tu. Mashine iliyofunguliwa na kufungwa asubuhi hiyo lazima iwe na hewa na maji. Kinachotofautisha mabaki na uvujaji ni mwenendo wake: mabaki hupungua saa hadi saa, uvujaji hubaki palepale. Inashauriwa kusoma baada ya saa mbili, baada ya saa nne, na asubuhi inayofuata, na kuchora namba hizo hata kwa mkono. Katika mashine iliyotulia, kilele cha 28 kinapaswa kuwa chini ya asilimia 10 ya kilele cha 69 cha kiwanishi, ambacho kitaelezwa katika sehemu ya 6.0.

Uvujaji ukithibitika, inabaki kujua uko upande gani. Njia ya haraka ni kupuliza agoni kidogo kwenye kila maungio na kutazama kilele cha 40 kikiruka. Agoni huanzia mahali palipo juu, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa na hushuka. Pasipo na agoni, tone la isopropanoli kwenye maungio yaliyopoa huonekana kwenye 45. Kimiminika hicho hushika moto, hivyo hakitumiki karibu na kiingizio cha sampuli wala oveni yenye joto.

Hapa panafaa kutajwa desturi moja. Karibu kila mtu aliyewahi kufunga mtungi wa gesi ya kupikia anajua kupaka povu la sabuni kwenye regulata na kutazama mapovu. Desturi hiyo ni sahihi jikoni, ambako gesi inasukuma kutoka ndani kwenda nje. Upande wa ombwe hali imegeuka. Hewa inavutwa kutoka nje kwenda ndani, na povu la sabuni litavutwa nalo. Halitatoa povu lolote la kuonekana, ila litaacha uchafu ndani ya chanzo cha ioni. Hata upande wa mtungi, ambako gesi husukuma, sabuni inaweza kupenya shinikizo linapokatwa. Kwa upande huo ni salama zaidi kufunga vali ya mtungi, kusoma shinikizo la mstari, na kulisoma tena baada ya nusu saa mtiririko ukiwa umezuiwa upande wa mashine.

Maungio yanayostahili kushukiwa kuliko yote ni nati ya kolamu kwenye bomba la kuunganisha. Feruli zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wa grafiti na vespeli husinyaa zikipata joto kwa mara ya kwanza. Nati iliyokazwa vizuri jana jioni, baada ya oveni kupanda na kushuka mara mbili tatu, huwa imelegea. Dawa yake ni kuikaza tena kidogo, kama robo ya mzunguko, oveni ikiwa imepoa. Anayekaza kwa nguvu zote hupasua feruli na kuhitimisha siku yake.

Njia hizi zote zikishindwa, kolamu hutolewa na feruli isiyo na tundu hufungwa mahali pake, kisha ombwe huvutwa upya. Uvujaji ukitoweka, ulikuwa upande wa kromatografia au kwenye nati yenyewe, na ukibaki, umo katika spektrometa. Jaribio hili hutoa jibu lisilo na utata, lakini hugharimu kufungua ombwe na nusu siku ya kusubiri, na ndiyo maana limewekwa mwisho.

5.0 Unyevu na gesi

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hewa inayotoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya Uluguru na kuacha mvua nyingi. Mji ulio chini yake hupata unyevu mkubwa hewani. Mashine inayofunguliwa kwa ajili ya kusafishwa katika miezi hiyo hunywa maji: molekuli za maji hujishika kwenye kuta za chumba cha ombwe na huachia polepole sana. Dalili yake ni kilele cha 18 kirefu, kinachozidi cha 28, na kinachopungua bila haraka. Asiyejua hudhani ni uvujaji na hufungua tena, akiongeza maji mengine. Msimamizi mzoefu huiacha mashine ikivuta usiku kucha, chanzo cha ioni kikiwa na joto, na hurudi asubuhi. Kazi ya kusafisha chanzo inafaa kupangwa katika miezi mikavu ya Juni hadi Septemba pale inapowezekana, na kiyoyozi cha chumba kiwashwe saa kadhaa kabla ya kufungua.

Mafuta ya pampu ya awali nayo hunyonya unyevu. Mafuta mazima huwa angavu. Yakiwa na maji hugeuka meupe kama maziwa, na yakichoka huwa kahawia. Pampu nyingi zina vali ya kupitisha hewa kidogo ili kufukuza maji hayo, na kuifungua kwa muda mfupi, kwa kufuata mwongozo wa pampu husika, mara nyingi huokoa gharama ya kubadili mafuta.

Upande wa gesi, heliamu inayotumika Morogoro huletwa kwa barabara, na safari ya kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 200. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba eneo la Rukwa lina hazina kubwa ya heliamu chini ya ardhi, jambo lililoleta matumaini duniani kote kwa kuwa gesi hiyo ilikuwa imeadimika. Tangazo halijai mtungi, na msimamizi wa maabara bado huhesabu shinikizo lililobaki kila wiki. Mtungi haufai kutumiwa hadi mwisho. Uchafu uliomo huongezeka shinikizo linapokaribia kwisha, na kila badiliko la mtungi huingiza hewa kidogo kwenye mstari. Vichujio vya oksijeni na unyevu vinavyotangulia mashine hubeba mzigo huo hadi vinaposhiba. Kichujio kilichoshiba huacha kusafisha na hakitoi kelele yoyote. Kwa sababu hiyo, tarehe ya kufungwa kwake iandikwe juu yake kwa kalamu isiyofutika.

Kabla ncha ya kolamu haijaingizwa kwenye spektrometa, huchovywa katika kichupa cha kimiminika safi. Vipovu vidogo vikitoka mfululizo, gesi inapita. Ni jaribio la sekunde kumi na limeokoa kolamu nyingi. Baada ya hapo ncha hukatwa upya na kuingizwa hadi itokeze milimita 1 au 2 ndani ya chanzo cha ioni.

6.0 Uwianishaji, na tahadhari ya mdalasini

Mashine huwianishwa kwa kimiminika chenye florini nyingi, perfluorotributilamini, ambacho hutoa ioni zinazojulikana: 69, 131, 219, 264, 414, 502 na nyinginezo. Programu hurekebisha volteji hadi vilele vipate umbo na nafasi sahihi, kisha huchapa ripoti. Wengi husoma neno moja tu katika ripoti hiyo, yaani kama uwianishaji umefaulu. Neno hilo halitoshi.

Namba tatu zinafaa kusomwa. Ya kwanza ni uwiano wa isotopu. Ioni ya 69 ina atomu moja ya kaboni, na kwa kuwa karibu asilimia 1.1 ya kaboni ya asili ni nzito kwa kipimo kimoja, kilele cha 70 kinapaswa kuwa karibu asilimia 1.1 ya kile cha 69. Ioni ya 219 ina kaboni nne, hivyo kilele cha 220 kiwe karibu asilimia 4.3. Ioni ya 502 ina kaboni tisa, na jirani yake awe karibu asilimia 10. Namba hizi hutoka katika maumbile yenyewe, wala hazitegemei mtengenezaji. Mashine isiyozitoa haipimi inachodai kupima. Ya pili ni ukubwa wa 502 ukilinganishwa na 69. Ukishuka mno, chanzo cha ioni ni kichafu na ioni nzito hazifiki. Ya tatu ni volteji ya kizidishaji elektroni, ambayo hupanda mwaka hadi mwaka na ikikaribia 3,000 huashiria kwamba kifaa kinakaribia mwisho wake. Ikipanda ghafla katika wiki moja, kisilaumiwe kifaa, bali ombwe likaguliwe upya.

Kwa anayechunguza mafuta ya viungo vya Uluguru, ipo tahadhari mahususi. Vali inayopitisha kiwanishi inapochakaa haifungi barabara, na kiwanishi huendelea kuvuja kidogo ndani ya mashine baada ya uwianishaji kwisha. Ioni zake 69, 131 na 219 hubaki kwenye usuli wa spektra zote. Sasa, sinamaldehidi, kiambato kikuu cha mafuta ya magome ya mdalasini, ina kilele kikuu cha 131. Mtafiti anayefuatilia ioni hiyo peke yake atapata usuli ulioinuka na namba zisizo sahihi kwa sampuli zenye kiasi kidogo. Njia ya kujihakikishia ni kutazama 69 na 219 katika sehemu ya kromatogramu isiyo na kilele chochote. Zikiwapo, 131 iliyopo si ya mdalasini. Yujenoli ya karafuu, yenye 164, haisumbuliwi na jambo hili, na huenda ndiyo maana hitilafu hiyo hupita bila kugunduliwa katika maabara inayoanza na karafuu.

Vilele vya 207 na 281 navyo huonekana mara kwa mara asubuhi ya kwanza. Hivi hutokana na silikoni za kolamu na septamu. Vikiwa vidogo na vikipanda pamoja na joto la oveni, ni hali ya kawaida. Vikiwa vikubwa kwenye joto la chini, oksijeni imeingia kwenye kolamu, na msomaji anarudishwa katika sehemu ya 4.0.

7.0 Kinachopotea mashine ikianza vibaya

Mashine iliyokataa kuwaka huchelewesha utafiti na kuudhi. Mashine iliyowaka vibaya huendelea kutoa namba, na namba hizo huingia kwenye majedwali. Mfano wa DDT unaonyesha uzito wa jambo hili.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm kuhusu vichafuzi vya kikaboni vinavyodumu mwaka 2004. Chini ya mkataba huo DDT hairuhusiwi katika kilimo, ingawa matumizi yake ya kudhibiti wadudu waenezao magonjwa yameachiwa nafasi finyu. DDT iliyokaa udongoni miaka mingi penye hewa hubadilika polepole na kuwa DDE. Kwa hiyo watafiti hulinganisha viwili hivyo: DDE ikiwa nyingi, uchafuzi ni wa zamani, na DDT ikiwa nyingi, mtu ameitumia karibuni. Katika mteremko wa Uluguru tofauti hiyo ina maana kubwa. Jibu la kwanza linahusu historia. Jibu la pili linahusu kiuatilifu kilichopigwa marufuku ambacho kinauzwa na kutumika leo, pengine kwenye bustani iliyo juu ya kijito wanachochota maji wakazi wa chini.

DDT huvunjika pia ndani ya mashine. Kiingizio chenye joto, kikiwa na masalia ya sampuli zilizotangulia, huigeuza kuwa DDE na DDD katika sekunde chache kabla haijafika kwenye kolamu. Umeme unapokatika katikati ya msururu wa sampuli, masalia ya mboga hubaki yameganda ndani ya kikombe cha kioo cha kiingizio, na mashine inapowashwa tena masalia hayo hupikwa upya. Spektrometa itakuwa nzima, ombwe litakuwa zuri, ripoti ya uwianishaji itakuwa imefaulu. Hata hivyo, udongo wenye DDT mpya utaripotiwa kuwa na DDE nyingi, na mtafiti ataandika kwa uaminifu kwamba uchafuzi ni wa zamani. Mwenye duka la pembejeo hataulizwa swali.

Kinga yake ni rahisi. Baada ya kila kuwasha kunakotokana na kukatika kwa umeme, kikombe cha kioo na septamu hubadilishwa, kisha hudungwa myeyusho wenye DDT safi peke yake. Kinachotoka kama DDE na DDD hujumlishwa na kugawanywa kwa jumla ya vyote vitatu. Mbinu ya 8081 ya mamlaka ya mazingira ya Marekani inaweka kikomo cha asilimia 15. Ikizidi hapo, sampuli hazidungwi, hata kama foleni ni ndefu na tarehe ya kuwasilisha tasnifu imekaribia.

8.0 Kumbukumbu za kuwasha

Kwa kuwa mtahini hawezi kuwapo asubuhi hiyo, kumbukumbu humwakilisha. Daftari la mashine linapaswa kuonyesha, kwa kila kuwasha, saa umeme ulipokatika na uliporudi, shinikizo la mtungi, saa pampu ya tabo ilipofikia kasi, vilele vya 18, 28 na 32 kwa nyakati tatu, uwiano wa isotopu wa 69, 219 na 502, volteji ya kizidishaji, na asilimia ya DDT iliyovunjika. Friza ya sampuli iwe na safu yake katika ukurasa huohuo. Kurasa zinazohusu siku za vipimo ziambatishwe mwishoni mwa tasnifu kama zilivyo, pamoja na siku ambazo mashine ilikataa na sampuli zikarudishwa kwenye friza.